Mwaka wa pili shahada ya fedha: nafaulu lakini sielewi ninachokokotoa. Nihamie uhasibu?

BintiHesabu

Wakuu, heshima kwenu.

Nipo mwaka wa pili, shahada ya kwanza ya fedha. Matokeo yangu si mabaya, ila nafaulu kwa kukariri. Nikipewa swali la thamani halisi ya sasa (NPV, yaani malipo yajayo yakigeuzwa kuwa thamani ya leo, kisha ukatoa gharama ya mradi), naingiza namba kwenye kanuni, jibu linatoka, alama napata. Juzi mhadhiri kabadilisha swali kidogo tu. Baada ya kukokotoa, akauliza: "Mradi huu utaukubali? Na ni kitu gani kingekufanya ubadili mawazo?" Darasa zima kimya, nami nikiwemo.

Wenzangu kadhaa wanahamia uhasibu. Wanasema kule angalau mtu anajua anachofanya na kazi zake zinaeleweka. Muhula huu ndio wa mwisho kuruhusiwa kuhama. Kingine kinachonikatisha tamaa ni nadharia. Kila moja inaanza na "tuchukulie hakuna kodi", "tuchukulie kila mtu ana taarifa zote". Dunia hiyo iko wapi?

Naombeni ushauri, hasa mliopo kazini. Nawasilisha.

Mizania

Dada, usihame kwa sababu hiyo. Kukariri kutakufuata hadi uhasibu. Huko nako mtu anaweza kujua pa kuandika debiti na pa kuandika krediti, akafaulu, na bado asijue biashara iko hai au inakufa. Hama kama unaupenda uhasibu wenyewe.

Mzee wa Hazina

Binti yangu, swali la mhadhiri wako ni zuri mno. Tulifanye hapa hapa.

Mradi unadai 1,000 leo. Unarudisha 600 mwisho wa mwaka wa kwanza na 600 mwisho wa mwaka wa pili. Kwa kiwango cha asilimia 10, ile 600 ya kwanza ina thamani ya 545.45 leo (600 gawanya kwa 1.10), na ya pili 495.87 (gawanya kwa 1.10 mara mbili). Jumla 1,041.32. Toa ile 1,000, inabaki 41.32. Aliyekariri anaandika "mradi ukubaliwe" na kufunga daftari.

Sasa tumia asilimia 15. Unapata 521.74 na 453.69, jumla 975.43, yaani umepoteza 24.57. Mradi ni uleule na malipo ni yaleyale. Kilichobadilika ni faida ambayo mwenye fedha angeipata kwingine kwa hatari ya namna hiyo hiyo. Ndiyo maana ya kiwango cha punguzo, na ndiyo maana kazini watu hubishana siku nzima juu ya namba hiyo moja. Wewe darasani unapewa tu, imeshaandikwa kwenye swali.

Rudi kwenye asilimia 10. Malipo ya mwaka wa pili yakishuka kutoka 600 hadi 550, thamani halisi inakuwa sifuri kamili. Kokotoa uone. Kwa hiyo jibu la "nini kingekufanya ubadili mawazo" unalo: 50 tu ya mwaka wa pili. Kuanzia hapo unauliza maswali ya mtu wa fedha. Nani analipa ile 600? Ana mkataba au ni ahadi ya mdomo? Mashine itafika mwaka wa pili bila matengenezo makubwa? Kanuni imekuonyesha mahali pa kuchimba, kuchimba ni kazi yako.

Kila swali unalofanya, ukishapata jibu, badili namba moja na utafute ni wapi uamuzi unageuka. Fanya hivyo muhula mzima, hata pale ambapo hakuna aliyekuuliza.

BintiHesabu

Mzee wangu, shikamoo na asante sana. Nimekokotoa hiyo 550, kweli inatoka sifuri. Hakuna aliyewahi kunionyesha hivyo.

Nimeona pia kwamba kwa mradi wako kiwango kinacholeta sifuri ni kama asilimia 13.07. Kwa nini basi tusitumie hicho tu, tukalinganisha miradi kwa asilimia?

Kokotoa

Kwa mradi wa Mzee kinafaa. Shida huanza fedha zinapoingia kisha zikatoka tena. Jaribu huu: unatoa 100 leo, unapokea 230 mwaka wa kwanza, unatoa 132 mwaka wa pili. Machimbo huwa hivyo, mwishoni unalipia kurekebisha ardhi. Asilimia 10 inaleta sifuri, na asilimia 20 nayo inaleta sifuri. Utachagua ipi? Isitoshe, asilimia haikuambii ukubwa. Asilimia 50 ya 10 ni 5, asilimia 20 ya 1,000 ni 200.

Daftari Jeusi

Mimi naona tofauti na waliotangulia. Kama familia inategemea upate ajira mapema, uhasibu una ngazi iliyonyooka zaidi: kila taasisi inahitaji mtu wa vitabu, na mitihani ya kitaaluma inajulikana. Fedha ni pana. Kuna benki, bima, mifuko ya pensheni, uchambuzi wa hisa na hatifungani, idara za hazina za kampuni. Upana huo unamchanganya asiyejua anataka nini. Si aibu kuhama kwa sababu ya ajira, ila usihame kwa kuwa wenzako wamehama.

Mzee wa Hazina

Daftari Jeusi kasema jambo la kweli, lizingatie. Ila hata ukibaki, uhasibu hauukwepi. Asiyejua kusoma mizania, yaani taarifa ya mali na madeni, hawezi kuthamini kampuni. Chukua somo la taarifa za fedha kama la hiari na ulifanye kwa nguvu zote.

Ngoma Nzito

Kuhusu nadharia. Nilikuwa nawaza kama wewe mpaka tulipofika kwa wanauchumi Modigliani na Miller. Mwaka 1958 walionyesha kwamba, ikiwa hakuna kodi wala gharama za kufilisika na taarifa ziko wazi kwa wote, thamani ya kampuni haibadiliki kwa kuchagua kukopa au kuuza hisa. Ukiisoma haraka unasema hawa hawajawahi kuona kampuni.

Isome kwa kuigeuza. Wanasema kama kukopa kunaongeza thamani mahali fulani, basi sababu imo ndani ya yale tuliyoyaondoa. Rudisha kodi: riba kwa kawaida hupunguza faida inayotozwa kodi, gawio halipunguzi, hivyo deni linapata nafuu. Wenyewe waliirekebisha hesabu hiyo mwaka 1963. Rudisha hatari ya kufilisika: deni likizidi, wauzaji wanakataa kukukopesha bidhaa, wafanyakazi wazuri wanaondoka, mawakili wanalipwa. Kati ya hivyo viwili ndipo meneja wa fedha anapofanya kazi yake. "Tuchukulie hakuna kodi" ni njia ya kutenganisha visababishi ili uvione kimoja kimoja.

Ila hofu yako ina msingi. Long-Term Capital Management, mfuko wa uwekezaji wa Marekani, ulikuwa na wanauchumi Merton na Scholes miongoni mwa wabia wake, watu waliotunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 1997. Mwaka uliofuata, baada ya Urusi kushindwa kulipa madeni yake, mfuko ule ulikaribia kuanguka, hadi kundi la benki likachanga takriban dola bilioni 3.6 kuuokoa. Walikuwa wamekopa mno, na dau walizodhani hazihusiani zikashuka pamoja. Darasani utafundishwa kwamba hisa mbili zenye mtawanyiko (standard deviation, kipimo cha jinsi faida inavyoyumba) wa asilimia 20 kila moja, zisizohusiana, ukizigawa nusu kwa nusu hatari inashuka hadi asilimia 14.1 hivi. Hesabu ni sahihi. Neno la kulichunga ni "zisizohusiana".

BintiHesabu

Nimesoma zaidi ya mara moja. Sasa nianzie wapi kwa vitendo? Mafunzo ya kazini bado sijapata.

Mizania

Huhitaji kusubiri mafunzo. Chagua kampuni moja iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa, pakua ripoti zake za mwaka za miaka mitatu, ni bure. Usianze na barua ya mwenyekiti, hapo kila mwaka mambo ni mazuri. Fungua taarifa ya mapato na taarifa ya mtiririko wa fedha, uziweke ubavuni. Faida imepanda, fedha taslimu kutoka shughuli za kawaida imeshuka? Nenda kwenye mizania utazame wadaiwa na bidhaa ghalani. Mara nyingi utakuta wameuza kwa mkopo: mauzo yameandikwa, pesa haijaingia. Kisha soma maelezo yaliyo nyuma ya taarifa, hasa ya madeni na tarehe za kuyalipa.

Namba zote ziandike mwenyewe kwenye Excel, usinakili jedwali la mtu, na kiwango cha punguzo kiweke kwenye seli yake peke yake ili ukibadilishe utakavyo. Ukikwama kwenye mstari wowote wa mizania, uweke hapa tuutazame pamoja. Fanya hivyo kabla tarehe ya kuhama haijapita, maana ukijikuta umekesha na ripoti hiyo bila kuchoka, au umeitupa ukurasa wa pili, utakuwa na kitu cha kuamulia kuliko maneno yetu.