Canonet ya shangazi haibonyezeki, na kupamba ni wiki tatu zijazo

BintiKibokoni

Asalaam aleikum wanajukwaa. Niseme mapema, mimi si mpiga picha. Nauza mitandio Biashara Street, na kamera niliyozoea ni ya simu. Lakini nimekabidhiwa Canonet QL17 G-III, kamera ya filamu ya shangazi yangu, na tangu juzi silali vizuri.

Shangazi alikuwa akipiga picha za harusi hapa Mji wa Kale, Mombasa, zile shughuli za ndani tu: hina, singo (kumsugua bibi harusi kwa manukato), kupamba (kumtoa bibi harusi kapambwa, wanawake wamtazame). Mahali ambapo mwanamume hafiki hata kizingitini. Mwanzo filamu akipeleka kusafishwa studio moja ya mjini. Siku moja anapita zake kwenda Marikiti, akamwona bibi harusi wake kwenye kioo cha studio, kichwa wazi, shingo wazi, koja la asumini kifuani, ametundikwa atazamwe na kila mwenye macho. Studio siitaji, na ilishafungwa zamani. Tangu siku hiyo aliacha filamu za rangi. Akawa anapiga nyeusi na nyeupe na kusafisha mwenyewe, usiku, chooni, taulo limezibwa chini ya mlango. Ile dawa ya mwisho ya kushikiza picha jina lake ni haipo. Mimi mdogo nikiambiwa "niletee haipo" nikibaki nimesimama ukumbini. Nilete nini, na mwenyewe kasema haipo?

Sasa mtoto wa ami anaolewa. Mamake ameshatangaza: simu zote kikapuni mlangoni, na atakayekutwa na simu ndani ajue njia ya kutokea. Hana makosa. Mwaka jana video ya kupamba ya jirani yetu ilifika Muscat kabla bibi harusi hajavua viatu. Watu wakawa wanalalamika, je, hatutakuwa na picha hata moja? Shangazi, ambaye siku hizi haoni vizuri kwa mtoto wa jicho, akanyanyua kichwa akasema: "Kamera isiyoweza kumtumia mtu kitu ninayo."

Akatoa kopo la biskuti chini ya kitanda. Kamera imefungwa kwa kipande cha leso.

Shida zake ni hizi. Kitufe hakibonyezeki kabisa, kama kimegandishwa. Ukichungulia kile kidirisha cha kulengea unaona kiraka cha manjano katikati, kina taswira ya pili hafifu sana. Shangazi anasema taswira mbili zikikutana ndiyo picha imelenga, lakini mimi naiona kwa shida. Ndani ya lenzi pembeni pana nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Na ukifungua mlango wa nyuma, sponji imeyeyuka, inanata vidole kama lami. Duka moja mjini waliniambia imekufa, kuifufua ni elfu nne, na hawakuifungua hata mlango.

Imekufa kweli?

---

FundiSaa_Bondeni

Aleikum salaam dada. Elfu nne yako iweke ndani ya buibui, usimpe mtu.

Tazama pete ya lenzi yenye namba 1.7 hadi 16. Mwisho wake pana herufi A. Naweka dau kwamba pete yako iko kwenye A. Hapo kamera inajichagulia yenyewe ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga, kwa kupima mwanga uliopo, na isipopata mwanga wa kutosha, au ikiwa haina betri, inafunga kitufe makusudi usije ukaharibu filamu. Izungushe utoke kwenye A, vuta mkono wa kusogezea filamu, bonyeza. Ikilia "tsk" ndogo kama mtu anayemnyamazisha mtoto, basi iko hai. Shata ya Canonet, yaani kile kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga, ni ya majani madogo ndani ya lenzi, haina ule mshindo wa kamera zenye kioo kinachoruka ndani. Ndiyo maana shangazi yako akiweza kupiga picha katikati ya dua bila mtu kugeuka.

Ikilia lakini majani hayafunguki (tazama ndani ya lenzi ukibonyeza), ni mafuta yameganda. Hiyo ni ya kuletewa fundi. Usimimine kitu humo.

Betri iko chini, fungua kwa sarafu. Ukikuta chumvi ya kijani, kijiti cha masikio na tone la siki. Kamera hii ya 1972 ilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35, na hizo zilipigwa marufuku. Watu watakuuzia ya volti 1.5 ya umbo lile lile. Itaingia, lakini kipimo kitadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo na picha zitatoka nyeusi. Nenda duka la dawa ununue betri za mashine ya kusikia, namba 675, volti 1.4. Ni nyembamba kwa betri ya zamani, kwa hivyo duka la vifaa vya bomba nunua ringi ya mpira uivishe isicheze. Ukishabandua kile kistika kilicho juu yake inaanza kufa polepole hata usipoitumia, basi ibandue siku ya shughuli.

Kile kiraka hafifu: kata kipande cha tepu nyeusi mraba mdogo, milimita tatu nne hivi, ubandike katikati ya kioo cha mbele cha kidirisha kikubwa. Kinafifisha taswira ya kwanza pale katikati, ya pili inajitokeza. Ujanja wa kimaskini, unafanya kazi.

Halafu nenda Lighthouse jioni, zungusha lenzi hadi mwisho wa mbali, tazama meli iliyoko nje kabisa inayongoja kuingia Kilindini. Meli ikiwa moja, sawa. Zikiwa mbili ubavu kwa ubavu, au moja imekaa juu ya mwenzake, niletee nifungue kifuniko cha juu. Kazi ya nusu saa.

Utando ni ukungu. Kwa ukungu wa pembeni picha haitajua. Lakini usiirudishe kwenye kopo wala kwenye mfuko wa ngozi, ngozi inakaa na unyevu kama sponji. Tia kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko mzuri pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya viatu.

---

Dijitali_Tu

Si umkodishe dada mwenye kamera ya kisasa umalize? Filamu siku hizi bei yake unanunua gunia la mkaa.

BintiKibokoni

Kaka, kamera ya kisasa ina kadi, na kadi inaingia kompyuta, na kompyuta ina ndugu wa kiume. Nimeshafikiria. Harusi mbili nilizohudhuria "dada wa kamera" alikuwa na bosi aliyekaa ndani ya gari nje akihariri.

Fundi, WALLAHI ilikuwa kwenye A. Imelia. Shangazi aliisikia kutoka chumba cha pili akasema "hiyo hapo." Meli ni moja. Sponji nimeikwangua kwa kijiti cha meno na spiriti, nikapachika uzi mweusi wa kufumia kwenye mifereji, ulikuwepo duka la pili kutoka kwangu.

---

MamaTudor

Habari mpenzi. Wamekwambia ya kamera, na mimi nikwambie ya kusafisha, maana hapo ndipo Mombasa itakapokutesa.

Vitabu vyote vinasema dawa ya kutoa picha iwe nyuzi joto 20. Maji ya bomba langu nimeyapima asubuhi, ni 28. Filamu ya HP5, ya nyeusi na nyeupe, kwenye dawa ya D-76 isiyozimuliwa kwa maji zaidi inataka dakika saba na nusu kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 28 muda unashuka chini ya tano, na ukiwa mfupi hivyo dawa inakula filamu mabaka mabaka. Kwa hivyo karai kubwa, maji, barafu, na chupa zako zote zikae humo: dawa, haipo, hata maji ya kusuuzia. Zote ziwe joto moja. Usitoe filamu kwenye baridi ukaitia kwenye maji ya bomba kwa ghafla.

Maji yenu ya Mji wa Kale mengi ni ya kisima, yana chumvi. Suuza nayo ukitaka, lakini ya mwisho kabisa iwe ya chupa, la sivyo filamu ikikauka itakuwa na madoa meupe kama kikombe kilichokaushwa juani.

Na jasho! Hili hakuna kitabu kilichoniambia. Unapoviringisha filamu kwenye spuli ya plastiki gizani, mkono ukiwa na unyevu filamu inakwama katikati, na wewe unazidi kutoa jasho kwa hofu, inazidi kukwama. Kausha spuli juani mchana. Oga kwanza. Fanya saa tisa usiku. Na jizoeze na filamu mbovu, macho wazi, kisha macho umefumba, hata mara kumi.

Shangazi yako alipozaje maji?

BintiKibokoni

Nimemuuliza. Anasema maji ya mtungi, yaliyolala usiku kucha dirishani, na kipande cha barafu kutoka kwa jirani aliyekuwa na friji. Kipimajoto hakuwa nacho. Alikuwa akitia kiwiko, kama anayepima maji ya kuogeshea mtoto.

---

BintiKibokoni

Nimerudi. Kupamba kumepita, filamu mbili za HP5 zimekauka kwenye kamba ya nguo chumbani kwa shangazi.

Nilifanya kama mlivyosema. Kabla wageni hawajaja nilisoma sindano ya kipimo cha mwanga pete ikiwa kwenye A, nikaona taa za jukwaani zinanipa tundu la 2.8 kwa shata ya 60 (sehemu moja ya sitini ya sekunde), kisha nikaweka mwenyewe na sikugusa tena. Shangazi alinikalisha mbele, akaniambia nisihangaike na uso, nitafute kitu kinachong'aa. Bibi harusi alikuwa na kipini cha pua. Nikichungulia naona vipini viwili, nazungusha lenzi kwa kidole kimoja, vinasogeleana, vinasogeleana, vinakuwa kimoja. Nabonyeza. Hakuna aliyegeuka. Kina mama wa ngoma ya vugo walipoanza kugonga pembe zao hata mimi sikuisikia.

Lakini mbona hamkuniambia kuhusu kifuniko cha lenzi?

Picha saba za mwanzo ni kioo tu, hazina kitu. Bibi harusi anaingia, kashikwa mkono na somo, kungwi wake, udi unafuka, watu wanapiga vigelegele, mimi nachungulia naona kila kitu safi kabisa, nalenga, nabonyeza, nafurahi. Kidirisha hakipiti kwenye lenzi! Ungeweza kuifunika lenzi kwa sufuria na bado ukaona harusi nzima. Aliyenistua ni mtoto wa miaka sita: "Anti, jicho la kamera limefumba."

FundiSaa_Bondeni

Astaghfirullah. Ni kosa langu dada, hilo ndilo la kwanza kuambiwa mtu. Mimi mwenyewe nilipiga Maulidi nzima ya Lamu hivyo hivyo. Kifuniko kifunge uzi kwenye mkanda kining'inie, ukikiona hakining'inii ujue kiko kazini.

BintiKibokoni

Kifuniko kimebaki kwenye kopo la biskuti na kitakaa humo.

Hizo nyingine zimetoka, mashallah. Filamu ya pili ina mabaka mwishoni, barafu ilikwisha na umeme ulipotea. Shangazi hawezi kuzisoma kwa macho, basi nazishika mbele ya taa na kumsimulia moja moja. Ya kumi na tisa nilimwambia bibi harusi ameinamisha kichwa, hina imepanda hadi kiwiko, nyuma yake kuna mwanamke anacheka amefunika mdomo. Akauliza, "Mkono wa kushoto?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Huyo ni Mwana. Mamake alikuwa akicheka hivyo hivyo."

Mamake bibi harusi bado anadai picha ya kuingia. Nimemwambia zinakaushwa.

Sasa mashine ya kukuzia picha shangazi aliiuza zamani. MamaTudor, unayo? Au unamjua mwanamke yeyote hapa kisiwani anayechapisha kwa karatasi na dawa? Nakuja na filamu mwenyewe, nasubiri, naondoka nazo. Barafu nitaleta.

MamaTudor

Ninayo. Njoo Jumanne baada ya isha. Leta na maji ya chupa.