Jenereta yatoa umeme na mvuke, ila gharama ya mafuta haishuki. Naomba ushauri

Mkaazi_Changamwe: Wadau, salaam. Kiwandani tuna jenereta ya megawati 1 ya mafuta mazito, yala kilo 220 hivi kwa saa. Moshi wake wapita kwenye boila, twatumia mvuke tani 2 kwa saa, kwa presha ya baa 8. Gharama imegoma kushuka na meneja ataka jibu Jumatatu. Nifunge nini?

Kahawa_Tungu: Mfunge meneja.

BaridiKisauni: Maji ya kupozea injini mwayapeleka wapi? Yakitoka nyuzi 90 yaendesha mashine ya baridi ya lithiamu bromidi, chumvi inayofyonza mvuke wa maji: kilowati 10 za joto, wapata 7 hivi za baridi. Na joto hili la Mombasa, kuyamwaga kwenye rejeta ni dhambi.

Mkaazi_Changamwe: Ndugu, sikuuliza AC.

FundiMvuke: Hesabu yakataa. Moshi wa injini hiyo, ukishuka kutoka nyuzi 380 hadi 180, watoa kilo 600 au 700 za mvuke. Tani 2 zatoka wapi? Yakhe, hii ni kazi ya chuo waja kufanyiwa.

Kahawa_Tungu: Tarakimu zenyewe zimekaa kimtihani: 1, 2, 8.

Mkaazi_Changamwe: Sijabuni kitu. Kuna boila ya pili, ya dizeli, ndiyo yajaza pengo. Niliona haihusu.

FundiMvuke: Haihusu! Yawaka kwa baa ngapi? Na dampa, lile lango la kuutoa moshi nje bila kupita boila, yafunguka ngapi?

Mkaazi_Changamwe: Yawaka 7.8, yazima 8.2. Dampa 8.

FundiMvuke: Basi ndiyo hiyo. Dizeli yapandisha presha, dampa yadhani mvuke umetosha, yautupa moshi angani. Mwachoma dizeli kufidia joto mnalolimwaga. Dizeli iwake 7.2, izime 7.7; dampa ianze kufunguka 8.3. Kwanza hakikisha vali za usalama zimewekwa kufunguka kwa presha iliyo juu ya hiyo 8.3, na mashine zenu zavumilia 7.2. Kisha andika joto la moshi unaotoka kila zamu: likipanda kutoka 180 hadi 220 kwa mzigo uleule, mirija imejaa masizi. Ukiyaacha yatashika moto.

Mkaazi_Changamwe: Shukran. Ila tumeshaagiza ekonomaiza, mirija ya kupashia maji ya boila kwa moshi unaotoka, ya kuushusha hadi nyuzi 110. Muuzaji asema itaokoa mengi.

FundiMvuke: Kwa mafuta mazito? Salfa hugeuka asidi na kuanza kutona kwenye nyuzi 120 hadi 140. Mirija italiwa.

Mkaazi_Changamwe: Ni ya chuma cha pua.

FundiMvuke: Chuma cha pua cha kawaida nacho huliwa.

Mkaazi_Changamwe: Nikiingiza maji ya nyuzi 140, mirija isipoe hadi asidi itone, je?

FundiMvuke: Moshi utashukaje hadi 110 kwa maji ya 140? Ivunje oda.

Mkaazi_Changamwe: Arbuni hairudi.

Kahawa_Tungu: Sasa namwamini. Kazi ya chuo hailipiwi arbuni.