Kisu kipya cha kukunja hakipati hata nyanya, hii ni kawaida kutoka kiwandani?

Mshona Nyavu
Wakuu habari za jioni. Niko Mwanza hapa, nashona na kukarabati nyavu za wavuvi upande wa Igombe, kwa iyo kisu kwangu sio urembo, kutwa nzima nakata nyuzi na kamba. Cha zamani kilizama ziwani mwezi uliopita nikiwa nashuka kwenye mtumbwi. Juzi nikapanda daladala mpaka Makoroboi nikanunua cha kukunja, mpini wa mbao, ubapa umeandikwa 440 na unang'aa mpaka unajiona uso. Nimetoa elfu kumi na nane.

Kufika nyumbani nikajaribu kwenye nyanya, wakuu ngozi inabonyea inaingia ndani weee ndo inapasuka, yaani haijakatwa, imepasuka. Karatasi ya daftari inachanika tu. Kamba ya manila naenda mbele nyuma kama napasua mbao. Sasa mjomba wangu yuko Nansio ana Victorinox, kisu cha Uswisi, aliletewa na mtu, anasema siku anaitoa kwenye boksi ilimkata kidole kabla hata hajajua imefunguka.

Naomba kujua, kisu kipya kinatakiwa kiwe kikali kiasi gani? Nimeuziwa feki au vyote lazima uvinoe kwanza? Naogopa nikikinoa muuzaji atakataa kukipokea.

Kambare Mweusi
Rudisha hiyo kitu mkuu, kesho asubuhi. Hela umetoa kununua kisu, kama ulitaka kipande cha chuma ukanoe mwenyewe ungechukua chuma chakavu. Mimi nilinunua Opinel namba 8 nilipokuwa Dar, ya kule Ufaransa, imetoka kwenye karatasi yake inanyoa vinyweleo vya mkono. Kwa iyo kiwanda kikitaka kinaweza.

Fundi Tupa
Kambare uko sahihi kwamba wakitaka wanaweza, ila nina neno na hilo la kurudisha, ngoja nieleze maana nimenoa visu miaka mingi na hili swali watu wananiuliza sana.

Makali ya kiwandani yanawekwa kwenye mkanda wa msasa unaozunguka kwa kasi. Kwenye visu vya bei rahisi mfanyakazi anapitisha upande huu, anapitisha na ule, sekunde chache tu anashika kingine. Baada ya hapo kinapelekwa kwenye gurudumu la kitambaa la kung'arishia. Hapo ndipo pana tatizo lenyewe. Ukinoa chuma chochote, ukingoni kunabaki kichuma chembamba kama uzi kilichojikunja upande mmoja. Hicho kinatakiwa kitolewe kabisa. Kwenye kazi ya haraka hakitolewi, kinang'arishwa tu, au kinalaliana na makali. Ndo maana kuna visu vipya vinakata vizuri siku ya kwanza, siku ya tatu havipati kabisa, mtu anasema chuma kibovu, kumbe alikuwa anakatia kile kiuzi na sasa kimeshadondoka.

Cha pili ni unene. Viwanda vingi vinaacha makali manene makusudi, maana hawajui nani atanunua. Mwingine atafungulia kopo, mwingine atakitumia kama bisibisi. Makali membamba yangemeguka na mteja angerudi analalamika. Victorinox wenyewe wanashauri pembe ya kunolea ya digrii 15 mpaka 20 kila upande, na chuma chao hawakifanyi kigumu sana, kama 55 au 56 kwenye kipimo cha Rockwell, ili mtu wa kawaida aweze kukinoa mwenyewe. Hao wametengeneza visu toka 1884 pale Ibach Uswisi, ni lazima mkono uwe umezoea, huwezi kulinganisha na kisu cha elfu kumi na nane.

Halafu hiyo 440 iliyoandikwa, ambayo ni jina la aina ya chuma kisichoshika kutu kirahisi, isikutishe wala isikufurahishe. 440 zipo A, B na C. A ina kaboni kama asilimia 0.60 mpaka 0.75, C inaanzia 0.95 na ndio inayoshika makali muda mrefu. Wakiandika 440 peke yake hujaambiwa kitu.

Sasa kabla hujakihukumu, washa taa usiku, shika kisu makali yakikutazama juu, kizungushe taratibu chini ya mwanga. Makali ya kweli hayaonekani, ni mstari mweusi. Ukiona sehemu inameta kama uzi mweupe, hapo ni butu, mwanga umepata pa kukaa. Fanya hivyo uje useme umeona nini.

Mama Sangara
Mwanangu pole kwa kisu. Mimi napasua samaki mwaloni Kayenze mwaka wa kumi na kitu huu, na sijawahi kuingia kazini na makali ya dukani hata siku moja. Kwenye sangara kuna bondo, ule mfuko wa hewa wa samaki, wewe si mgeni unalijua. Limelala juu tumboni limeegemea uti wa mgongo, ukipitisha kisu butu unalazimika kusukuma kwa nguvu, na ukisukuma kinateleza ghafla kinaingia. Bondo likitoboka mnunuzi anashusha bei palepale hakuna maelezo. Kisu kinachopata hakisukumwi, unakiongoza tu nacho kinaenda.

Kwa iyo mimi kisu kipya nanunua usiku nanoa. Jiwe langu lina pande mbili, 400 yenye chembe kubwa na 1000 iliyo laini. Ukikosa jiwe geuza kikombe cha udongo, ile duara ya chini ambayo haijapakwa rangi inanoa vizuri sana. Ila nakuomba usimpelekee kijana wa grenda. Nilishawahi kumpa mtu kisu changu kizuri, cheche zikaruka, akanirudishia ncha ina rangi ya bluu. Tangu siku hiyo kile kisu nikikinoa asubuhi saa nne kimeshachoka.

Fundi Tupa
Dada umesema jambo kubwa. Chuma cha kaboni kikionyesha bluu ujue moto umefika digrii 290 kwenda juu na ule ugumu kimeshapoteza. Na hata huko kiwandani mkanda unaweza kuunguza ukingo kidogo tu, mwembamba usiouona kwa macho. Ndo maana wapo wanaosema kisu kimekuwa kizuri baada ya kunolewa mara ya tatu au ya nne, chuma kilichoungua kimeisha umefikia kizima.

Mshona Nyavu
Mzee Fundi nimefanya ulichosema. Toka karibu na mpini hadi katikati ni nyeusi, ila kutoka katikati mpaka kwenye ncha kuna mstari mweupe unameta, na karibu na ncha kama imekunjamana. Nikipitisha dole gumba toka mgongoni kuelekea nje upande wa kulia inashika kama kucha.

Fundi Tupa
Basi hicho kinachoshika ndo kiuzi ninachokisema, kimelalia kulia. Usirudishe, chuma hakijafa, ni kazi ya kiwandani haikumaliziwa. Chukua karatasi, kunja kona yake ya digrii 90 katikati, inakuwa 45, kunja tena, inakuwa 22 na nusu. Laza kisu chini kidogo ya hapo, ndio pembe yako. Paka maka peni kwenye ule mteremko wa makali, sugua mara mbili tatu kwenye jiwe uangalie wino umetoka wapi. Umetoka juu tu, inua kidogo. Umetoka ukingoni tu, laza. Noa upande mmoja mpaka kiuzi kihamie upande wa pili kwa urefu wote hadi kwenye ncha, usiruke. Geuza. Mwisho punguza nguvu, kisu kiende kwa uzito wake, kisha burura kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Kambare Mweusi
Sawa nimekuelewa mzee, lakini bado nasema muuzaji alipaswa kumwambia kijana. Mtu anayetegemea kisu kula asipewe cha mapambo.

Mshona Nyavu
Wakuu narudi. Nimekaa saa nzima na jiwe la jirani, ule upande wa ncha ndo umenisumbua, wino ulikuwa unatoka juu tu nikagundua nalaza mno. Nikainua. Kiuzi kikahama. Leo asubuhi manila mkato mmoja imekatika, na nyuzi za nailoni nikigusa tu zinaachia. Nyanya mke wangu kaikata nyembamba mpaka unaona kisu upande wa pili. Mama Sangara asante kwa lile la grenda, maana pale stendi kuna mmoja nilikuwa nimeshamwita. Kesho nampigia mjomba Nansio nimuulize yake imeshanolewa mara ngapi.