Naomba ushauri: wanafunzi wa famasi na dawa ya unga ya watoto

Wakuu, wanafunzi walio fildi kwenye famasi za mtaani hukosea sana kuchanganya amoksisilini ya unga. Utaratibu unajulikana: gonga chupa unga uachane, tia maji yaliyochemshwa na kupoa hadi chini kidogo ya alama, tikisa, subiri povu litulie, kisha ongeza hadi alama. Wao hujaza kwa mkupuo. Unga unaganda chini, povu linadanganya jicho, maji yanapungua, na dawa inazidi miligramu 125 kwa mililita 5 zilizoandikwa kwenye lebo. Halafu mama anaambiwa "kijiko kimoja", kijiko gani? Mnawafundishaje kumwonyesha mililita 5 kwenye kikombe cha kupimia, foleni ikiwa ndefu?