Bia nyeusi kali imesimama kwenye 1.038: je, niweke mwaloni sasa?

Mpishi wa Ntinda
Salaam, wanajukwaa. Niko Kampala, na nina lita 20 za stauti nzito, ya aina ile ambayo Waingereza waliisafirisha hadi Urusi katika karne ya 18. Ilianza na uzito wa 1.096 (maji matupu ni 1.000, na namba hushuka kadiri hamira inavyokula sukari), ikachacha kwa nguvu, kisha haidromita, kile kipimo cha uzito kinachoelea, ikasimama kwenye 1.038. Ndoo nimeiweka ndani ya beseni la maji ambamo nabadilisha chupa za barafu kila asubuhi, hivyo joto halipandi juu ya nyuzi 19. Nina gramu 60 za vipande vya mbao za mwaloni wa Marekani, vya kuipa bia ladha ya pipa, na nakusudia kuilaza bia ikomae kwa miezi 6. Naomba ushauri: niviweke sasa? Na je, inafaa kuviloweka kwanza katika waragi, pombe kali ya hapa Uganda, ili nipate ladha kama ya pipa la wiski?

Kimea cha Kapchorwa
Ndugu, mwaloni usubiri, kwa maana kwanza ni lazima ujue kama hamira imemaliza kazi au imechoka. Chota bia kidogo katika glasi safi, tia hamira nyingi ya mkate, funika, uiache mahali penye joto kwa siku mbili au tatu ukiikoroga mara kwa mara, kisha upime. Uzito ukishuka hadi 1.028, kwa mfano, sukari bado ipo. Ukibaki palepale, bia yako imefika mwisho wake, jambo la kawaida pale ambapo kimea cheusi (nafaka iliyochipushwa na kukaangwa) ni kingi. Glasi hiyo uimwage, usiirudishe ndooni. Ikiwa sukari ipo, acha kuweka barafu ili joto lifike nyuzi 22, tikisa ndoo taratibu bila kuingiza hewa, na ikibidi ongeza hamira mpya ya bia ambayo umeshaiamsha na inatoa povu. Ukijaza chupa kabla ya hapo, zinaweza kupasuka.

Mama Pipa, Jinja
Naunga mkono, na naongeza kuhusu mbao. Waragi nyeupe haijawahi kulala ndani ya pipa, kwa hiyo haitakupa ladha ya pipa la wiski. Itaua vijidudu na kuvuta ladha ya mbao yenyewe, basi. Ukiitumia, nunua ya kiwandani iliyofungwa, kwa sababu sote tunakumbuka watu waliokufa Kabale mwaka 2010 kwa waragi yenye methanoli, aina ya pombe iliyo sumu. Mimi huvipitisha vipande kwenye mvuke kwa dakika 15, nikaridhika. Kwa lita 20 ningeanza na gramu 30, kisha nionje kila wiki, kwani mwaloni wa Marekani hutoa harufu ya vanila na nazi, lakini ukizidi huacha ukakasi mdomoni usioondoka upesi. Ukionja na kuridhika, hamisha bia uache mbao nyuma, hata kama miezi 6 haijatimia.

Mpishi wa Ntinda
Nashukuru sana. Na vipande vya mvule, kwa kuwa vinapatikana kwa fundi jirani?

Mama Pipa, Jinja
Hapana, mwanangu. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kifua cha fundi mwenyewe, sembuse kuuloweka katika kinywaji. Tafuta mtungi wa kioo badala ya ndoo ya plastiki, kwani plastiki hupitisha hewa. Ujaze hadi shingoni, na uangalie maji ya kizibo kinachotoa gesi bila kuingiza hewa yasikauke, maana hewa ikiingia kwa miezi yote hiyo utapata siki.