Ulinganisho: taarab kutoka Mombasa kwenda Unguja, ndege, basi na boti, ama gari yetu?

fidla_ya_Kibokoni: Salaam nyote. Kikundi chetu cha taarab hapa Mombasa tumealikwa kupiga Mji Mkongwe usiku mbili. Mwenyeji atatulaza na kutulisha, nauli ni juu yetu. Sasa tumegawanyika, wazee wataka ndege moja kwa moja, vijana wasema basi mpaka Dar halafu boti, na mpiga besi ana rafiki yake mwenye nissan (matatu) ya kutupeleka hadi bandarini Dar. Ipi afadhali? Nahitaji jibu wiki hii.

mkazi_Kariakoo: Mkuu hujasema mko wangapi, mna mizigo gani, na ni lini. Tukujibu nini sasa?

bi_Shela: Na spika ziko kwa mwenyeji ama mwabeba wenyewe? Pesa zaishia hapo.

fidla_ya_Kibokoni: Tuko kumi na kidogo. Kanuni (ile ya nyuzi nyingi ya kulaza mapajani), udi, fidla mbili, akodiani, kinanda, besi, dumbak (ngoma) na rika (tari). Spika nitamuuliza.

mkazi_Kariakoo: Kumi na kidogo ndo wangapi? Tiketi haikatwi kwa kidogo 😂 Mi nasema boti. Dar mpaka Unguja masaa mawili tu, zinatoka tangu asubuhi. Ila basi la Mombasa likikufikisha jioni za mwendo kasi zimeshaondoka, mtalala Dar, weka hela ya gesti.

yakhe_wa_Malindi: Yakhe nyie mwashindana nauli, kibali je? Mkenya haombwi viza, sawa, lakini kuingia kutembea na kuingia kupiga kazi ya malipo si kitu kimoja. Na msije na karatasi ya BASATA mkadhani mmemaliza, hilo ni baraza la sanaa la bara, huku kwetu Zanzibar ni BASSFU. Mwambie mwenyeji aanze kufuatilia sasa hivi. Halafu hapa bandarini Malindi, Unguja, mkishuka botini mnapita uhamiaji tena hata kama mmeshagongewa muhuri mpakani Horohoro, watu wengi hilo huwashangaza. Na tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya wageni wanaoingia Zanzibar, ulizeni mapema nyinyi wa Afrika Mashariki mwalipa vipi.

dereva_Likoni: Nissan ndo mambo yote. Siku hizi wapita barabara ya Dongo Kundu, foleni ya feri ya Likoni huijui, mpakani Lunga Lunga mwashuka mara moja, vyombo viko machoni mwenu njia nzima. Kadi ya njano tu msisahau.

bi_Shela: Ile ya chanjo ya homa ya manjano? Mimi ninayo ya zamani, ishapita miaka kumi.

dereva_Likoni: La mama, nasema ya COMESA, bima ya gari.

mkazi_Kariakoo: Zote mbili zinatakiwa. Ya chanjo tangu 2016 WHO walisema ni ya maisha, usirudie sindano bi mkubwa. Ila nissan mnaiacha wapi Dar siku zote hizo? Kwenye boti ya mwendo kasi haipandi.

mzee_wa_udi: Nisikilizeni kuhusu ndege kwa sababu yamenipata. Tulikwenda Unguja na kikundi kingine, ndege ndogo, shirika silitaji, Mombasa wametupokea mizigo vizuri, wametubandikia vikaratasi, kumbe ndege ikiwa imejaa mizigo ndiyo inayoachwa na hakuna aliyetwambia, tumefika tumesimama pale twangoja, abiria wote wameondoka, ndipo kijana mmoja aja kusema vyombo vitakuja kesho. Kesho! Na sisi tunapiga leo baada ya isha. Tukazunguka Mji Mkongwe kuazima, fidla tukapata, kinanda tukapata, kanuni ndio hiyo hapana, watu wa Unguja wakarimu lakini kanuni mtu haazimi ovyo. Ikaja kesho yake adhuhuri, ngozi imepasuka, madaraja yamelala, na ile ina nyuzi sabini na kitu, tatu tatu kila sauti, mwenyewe akakaa usiku mzima hasemi na mtu. Shirika wakasema andika barua. Mpaka leo.

fidla_ya_Kibokoni: Laa. Sasa hili wazee wangu wasilione.

kijana_wa_kinanda: Na ndo mana mi nasema kanuni iachwe nyumbani, kinanda cha sasa kina sauti ya kanuni ndani yake, udi, violin, kila kitu, mtu mmoja na begi moja basi. Nusu ya nauli imekwisha.

mzee_wa_udi: Hiyo nenda kapige kwenye birthday. Unguja ndio kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kiko tangu 1905, uwapelekee kanuni ya kubonyeza?

kijana_wa_kinanda: Mzee rusha roho, taarab ya kisasa, inajaza ukumbi Dar kila wiki bila kanuni. Watu wanataka kucheza.

yakhe_wa_Malindi: Na Siti binti Saad, muimbaji wetu wa taarab, alikwenda Bombay 1928 na kundi lake kurikodi santuri, kwa meli bahari yote ile, wala hawakuacha udi nyumbani. Nyie masaa mawili ya boti mwalia.

bi_Shela: Bado hajasema lini! Kama ni Februari ni tamasha la muziki la Sauti za Busara, vyumba Mji Mkongwe vyawa moto. Kama ni Juni Julai upepo wa kusi wavuma, kwenye boti mtatapika, muimbaji msimuweke mbele.

fidla_ya_Kibokoni: Tarehe mwenyeji hajathibitisha. Kuhusu spika amesema "tutaangalia".

mkazi_Kariakoo: "Tutaangalia" maana yake hana. Usilipe hata shilingi.

dereva_Likoni: Andikeni orodha ya vyombo pamoja na zile namba za nyuma, forodha waigonge muhuri mkitoka, mkirudi msije mkatozwa ushuru wa kinanda chenu wenyewe. Nissan ikihitajika nipo.

fidla_ya_Kibokoni: Shukran. Tutakaa kikao Ijumaa. Wazee nimewaambia habari ya ile kanuni, sasa hawataki ndege, wala basi hawalitaki.

kijana_wa_kinanda: @mzee_wa_udi ile ngozi ya kanuni mlibadilisha wapi? Ya kwetu pia imelegea.

mzee_wa_udi: Kumbe unayo? 😂 Ni ya samaki, lakini fundi aliyetutilia amezeeka, hafanyi tena. Kuna mwingine nasikia Mji wa Kale, nikipata namba yake nakuletea.