Mwigizaji wa Kanada anatokaje kwenye mistari miwili hadi uhusika mkuu?

Mpenda_Tamthilia: Wakuu, tamthilia kibao za Kimarekani zinashutiwa Vancouver na Toronto, lakini Wakanada wenyewe unawaona tu kama polisi au nesi, sekunde kumi, basi. Wanaopanda wanapitia wapi? Si bora mtu aende Los Angeles mapema?

Kamera_Mbili: Tenganisha kazi (filamu na tamthilia) za aina mbili, mkuu. Wamarekani wanafuata nafuu ya kodi: serikali kuu inarudisha 16% ya malipo ya wafanyakazi wakazi wa Kanada, na majimbo yanaongeza yao. Hakuna sharti kuhusu nyota, kwa hiyo nyota wanakuja na ndege na wenyeji wanabakiziwa uhusika wa siku moja. Kazi ya Kikanada inapata 25%, ila ifikishe pointi 6 kati ya 10 zinazotolewa nafasi ikishikwa na Mkanada (mwongozaji 2, mwandishi 2, waigizaji wakuu wawili 1 kila mmoja), na angalau mmoja wa hao wakuu awe Mkanada. Mkazi wa kudumu anahesabika pia. Mlango uko hapo. Mwigizaji Mkanada Simu Liu alikuwa ekstra (mtu wa kujaza tu nyuma) kwenye filamu ya Pacific Rim. Iliyompa jina ni tamthilia ya Kim's Convenience ya CBC, televisheni ya umma ya Kanada, 2016. Marvel walimtangaza kuwa mhusika mkuu wa filamu ya Shang-Chi 2019.

Fundi_Usaili: Naongezea upande wa usaili. Wakala anakula asilimia ya malipo, British Columbia mwisho 15%. Akidai ada ya kukuandikisha, ondoka. Chama cha waigizaji ni ACTRA: asiye mwanachama hufanyiwa kibali cha kazi husika, na kibali hicho ndicho humfungulia uanachama wa awali. Ukishaingia, kazi zisizo za chama umeziaga, kwa hiyo usikimbilie ukiwa bado unatafuta uzoefu.

Video za usaili unazojirekodi mwenyewe zinaharibika kwa mambo madogo. Simu ilale, ukuta wa kijivu au bluu usio na kitu, macho kando kidogo ya lenzi. Kosa kubwa ni msomaji (anayekusomea mistari ya mhusika mwingine) kusimama jirani na maiki: sauti yake inakumeza. Asogee nyuma, asome chini.

Mpenda_Tamthilia: Na Los Angeles?

Kamera_Mbili: Viza ya TN ambayo Wakanada wengi huitumia kufanya kazi Marekani haina waigizaji kwenye orodha yake ya taaluma. Inabaki O-1, viza ya wenye vipaji vya kipekee, inayoombwa na mwajiri au wakala wa Marekani kwa ushahidi wa sifa: uhusika mkubwa, tuzo, magazeti. Ushahidi huo unaukusanya Toronto. Mkanada Sandra Oh alitoka hivyo, filamu za Kanada 1994, tamthilia ya Kimarekani ya Grey's Anatomy 2005. Ukienda mikono mitupu unakuwa mtalii tu, na mtalii haruhusiwi kuigiza kwa malipo.